Mwanga wa Njiani: Historia ya Taa za Nyumbani na Mwendo wa Usiku wa Wazee katika Arua na Koboko, 1914–2024

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mwanga wa nyumbani katika Arua na Koboko, mkoani West Nile nchini Uganda, tangu kuwekwa kwa boma la Arua mwaka 1914 hadi mkoa ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024. Badala ya kuuliza ni kaya ngapi zina taa, tunauliza jinsi mwanga ulivyomfikia, au ulivyokosa kumfikia, mzee anayeamka usiku na kutoka nje. Hoja yetu ni kwamba vyombo vya mwanga vilivyofuatana katika mkoa huu vilisambazwa kwa kuwalenga watu waliokaa: anayesoma, anayeuza, anayekula. Mwenye miguu isiyo imara, anayepita kati ya kitanda na choo, hakuwahi kuwa kipimo cha mtu yeyote. Data yetu ni ya aina mbili: historia ya mkoa inayojulikana, na msamiati ambao Kiswahili na lugha za jirani zimetumia kuvitaja vyombo vyenyewe.

Utangulizi

Gombolola ya Ludara katika wilaya ya Koboko iko karibu na nyuzi 3 na nusu kaskazini mwa ikweta. Huko usiku haubadiliki sana kutoka mwezi hadi mwezi. Giza huingia upesi baada ya jua kuchwa, na hukaa saa zipatazo 12 mwaka mzima. Mtu akijaliwa kufikisha miaka 80, amepitisha miaka 40 hivi gizani. Jambo hili ni la wazi mno hata watafiti wa makazi huliruka.

Mzee haamki usiku kwa hiari. Kibofu humwamsha, maumivu ya viungo humwamsha, na kwa Waislamu wa Koboko na Arua, wakiwamo Wanubi, Waaringa na baadhi ya Wakakwa, yako pia maji ya udhu kabla ya alfajiri na daku ya mwezi wa Ramadhani. Jicho lake nalo limekwisha kubadilika. Mboni husinyaa kwa umri, lenzi huwa ya manjano, na inakadiriwa kwamba retina ya mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoipata retina ya kijana wa miaka 20. Tena jicho la uzeeni huchelewa kulizoea giza baada ya kuona mwanga mkali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba wanaokufa zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 60. West Nile ina la ziada: ni miongoni mwa sehemu za Uganda zilizosumbuliwa kwa vizazi na usubi, ugonjwa wa upofu wa mtoni, ambao serikali iliamua mwaka 2007 kuutokomeza kabisa badala ya kuudhibiti tu. Kizazi kilichozeeka sasa ndicho kilichokulia kando ya mito ile kabla ya dawa kufika.

Ili historia isibaki kuwa orodha ya mitambo, tutatumia umri wa mtu mmoja wa kufikirika kama rula: mzee aliyezaliwa Ludara mwaka 1944, ambaye mwaka 2024 alitimiza miaka 80.

Mafiga, kijinga na kienge

Boma la Arua liliwekwa mwaka 1914, eneo hili lilipohamishiwa Uganda. Kabla ya hapo lilikuwa sehemu ya eneo la Lado, ambalo Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894 na kulirejesha chini ya Sudan baada ya kifo chake. Tawala tatu katika miaka 20, na hakuna hata moja iliyogusa mwanga wa ndani ya kibanda. Mwanga huo ulikuwa moto wa mafiga matatu.

Kwa mtazamo wa mzee, moto huo ulikuwa na sifa ambazo hatukuzithamini mpaka zilipopotea. Makaa yaliyofukiwa majivu hayaangazi chumba, lakini huonyesha mahali chumba kilipo: hapa ni katikati, pale ni ukuta, mlango uko mkono wa kuume. Mwanga wake ni mdogo, mwekundu, uko chini karibu na sakafu na haumchomi mtu machoni. Wataalamu wa usingizi wa leo wanashauri mwanga hafifu wa rangi ya manjano au nyekundu kwa wanaoamka usiku, kwa kuwa mweupe wenye samawati nyingi huuambia mwili kwamba kumekucha. Hatusemi turudi kwenye moshi. Moshi wa kuni umeharibu mapafu na macho ya wanawake wengi kuliko tuwezavyo kuhesabu. Tunachosema ni kwamba jiko lilipotengwa na chumba cha kulala, kwa sababu njema kabisa za afya, mzee alinyang'anywa alama yake ya usiku na hakupewa nyingine badala yake.

Nje ya mlango mambo yalikuwa tofauti. Kiswahili kina kijinga, yaani kipande cha kuni kinachowaka, na kienge, kifungu cha majani makavu kilichowashwa. Kijinga hupungwa ili kisizimike, na kwa hiyo huhitaji mkono wenye nguvu. Kienge humulika vizuri lakini kwa muda mfupi, na katika kiangazi chini ya mapaa ya nyasi ni hatari tupu. Mtu mwenye mkongojo katika mkono mmoja hawezi kupunga kijinga kwa mkono mwingine na bado akautazama mguu wake. Kwa hiyo chombo halisi cha mwanga cha mzee kilikuwa mtu: mjukuu aliyelala naye, akaamshwa, akatangulia.

Kutangulizwa na mjukuu kulikuwa na maana nyingine pia. John Middleton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walugbara kati ya 1949 na 1952, alieleza jinsi mamlaka ya mzee wa ukoo na tuhuma za uchawi zilivyochipuka katika shina moja, lile wanaloliita *ole*. Mzee mwenye uwezo wa kuwaita mizimu ndiye huyohuyo aliyeweza kudhaniwa mchawi, na mchawi ni mtu anayetembea usiku. Katika jamii ya namna hiyo, tunaona, mwanga mkononi haukuwa wa kuonea tu. Ulikuwa pia wa kuonekana. Mzee aliyetoka na moto na mtoto alijitangaza kwamba hana la kuficha. Aliyetoka gizani peke yake alijiweka mashakani. Mipango ya leo ya makazi ya wazee inayohesabu mwanga kwa vipimo vya fizikia pekee inalikosa hili, na mjane anayeishi peke yake bado analijua vizuri.

Safari ya mzee yenyewe nayo ilirefushwa. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1935 na juhudi za machifu za kuhimiza vyoo vya shimo zilikihamisha kichaka kikawa jengo, na jengo hilo, kwa sababu zilezile njema, likawekwa mbali na jiko na kisima. Kichaka cha nyuma ya nyumba kilimtaka mtu hatua chache popote palipomfaa. Choo kina mahali pamoja, kizingiti, shimo, na njia ambayo bafe hupenda kujilaza usiku. Historia za afya nchini Uganda zimekiandika choo kama ushindi, na ni kweli. Hazijaandika habari za njia ya kwendea huko.

Mafuta ya taa na majina yake

Hapa msamiati unatusaidia kuliko kumbukumbu za serikali. Kandili limetokana na Kiarabu *qindil*, ambalo nalo lilipitia Kiyunani kutoka Kilatini *candela*. Fanusi ni la Kiarabu kutoka Kiyunani. Mshumaa ni la Kiarabu. Haya ni majina ya vyombo vya kununua, na Kiswahili kiliyapokea kwa njia ya bahari. West Nile, yamkini, maneno ya mzizi huu yaliingia kwa milango miwili: Kiswahili cha kambi, kwa kuwa mkoa huu ulitoa askari wengi wa jeshi la King's African Rifles, na Kiarabu cha Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan. Aliyekwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi alijifunza jina jingine, la Kiganda: *tadooba*. Ndiyo ile ambayo Tanzania na Kenya huiita koroboi au kibatari, kopo dogo lenye utambi na mafuta ya taa, lisilo na kioo.

Tadooba inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu ndiyo taa iliyodumu kuliko zote, na ndiyo isiyomfaa kabisa mtu anayetembea. Haina kioo, hivyo upepo wa mlangoni huizima. Asiyetaka izimike huikinga kwa kiganja cha mkono wa pili. Basi mikono yote miwili imekwisha. Mzee ama auache mkongojo, ama aiache tadooba. Akiinama kupita mlango mfupi wa kibanda cha nyasi, moto uko karibu na paa na mafuta yako karibu na nguo. Fanusi yenye kioo na mkono wa waya ilitatua karibu yote haya: haizimiki kwa upepo, huning'inizwa kwenye kifundo cha mkono, na humulika chini, miguuni. Lakini fanusi ilikuwa mali ya duka. Ilitaka kioo kingine cha kwanza kikipasuka, utambi mpana na mafuta mengi zaidi, na ndani ya nyumba ilikaa mahali pa heshima, yaani mezani kwa wageni. Karabai, taa ya pampu yenye mwanga mkali, ilikuwa ya harusi, ya kanisa na ya muuzaji wa usiku. Hakuna aliyewasha karabai aende chooni.

Mzee wetu wa mwaka 1944 alikuwa na miaka 10 bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954. Umeme ule haukuvuka mto Nile kwenda kwao. Mji wa Arua ulipata jenereta za dizeli za Bodi ya Umeme ya Uganda, zilizoendeshwa kwa saa chache za jioni. Ratiba hiyo yenyewe ni ushahidi: umeme uliwaka watu walipokuwa macho na ukazimwa walipolala, na mzee huamka baada ya hapo.

Miaka ya kuzima moto

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin, mtu ambaye jina lake limefungamana na Koboko, aliamuru Waasia waondoke nchini. Pamoja nao ulikwenda mnyororo wa maduka uliofikisha mafuta ya taa, tambi na vioo vya fanusi hadi vijijini. Kilichofuata kinaitwa na Waganda wote kwa neno la Kiswahili, magendo. Chumvi, sabuni na mafuta ya taa vikawa bidhaa za kutafuta kwa kujuana. West Nile ilikuwa na nafuu moja, mipaka miwili, na masoko ya upande wa Zaire na Sudan yaliendelea kuijaza mitungi. Hata hivyo, bei ya utambi wa mzee ikawa sasa inategemea mpaka.

Jeshi la Tanzania liliufikia mpaka wa Sudan mwezi Juni 1979. Mwezi Oktoba 1980 wapiganaji wa jeshi la zamani walirudi kupitia Koboko hadi Arua, na kisasi cha jeshi jipya kikawaangukia raia. Mauaji ya misheni ya Ombaci, tarehe 24 Juni 1981, ndiyo yanayokumbukwa zaidi. Sehemu kubwa ya watu wa mkoa ilikimbilia Zaire na Sudan kwa miaka kadhaa. Mzee wetu alikuwa na miaka 36, na bila shaka alikuwa na wazazi wa kuwabeba au kuwaongoza. Haihitaji ushahidi mwingi kufahamu kwamba kwa watu wanaokimbia usiku, moto unaoonekana ni hatari kuliko giza. Kwa miaka hiyo mwanga uligeuka maana: kilichokuwa alama ya kutokuwa mchawi kikawa alama ya kulengwa. Wanaopanga programu za taa kwa wazee wa Koboko wangefanya vyema kukumbuka kwamba wanaozungumza nao ni watu waliowahi kujifunza kutembea bila mwanga kwa makusudi. Mzee akisema haihitaji taa, huenda hakatai msaada. Huenda anaeleza ujuzi.

Umeme unafika, usiku unabaki

Mwaka 2003 usambazaji wa umeme wa West Nile ulikabidhiwa kampuni ya WENRECo, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 1999. Ilianza na mtambo wa mafuta mazito mjini Arua. Mwaka 2012 kituo cha maji cha Nyagak, karibu na Paidha, kikaongeza megawati 3.5. Mwaka 2024, njia ya kilovolti 132 inayopita Gulu na Nebbi iliufikisha mkoa kwenye gridi ya taifa, mwaka uleule bwawa la Karuma la megawati 600 lilipozinduliwa. Ni mafanikio makubwa na yameandikwa vya kutosha. Tupite.

Kilichobadili usiku wa Ludara hakikuwa nguzo. Kilikuwa simu na paneli ya sola. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na kitaa kidogo kichwani, na tangu hapo simu ya bei nafuu isiyo na tochi imekuwa nadra. Kwa mara ya kwanza mzee alipata mwanga usiozimwa na upepo, usiounguza, unaoshikwa kwa vidole viwili pamoja na mkongojo, au kuwekwa mfuko wa shati ukamulika mbele. Hakuna aliyeibuni kwa ajili yake. Kasoro yake ni kwamba simu ni ya kila mtu: kijana huondoka nayo, chaji huisha, na kitufe cha tochi hakionekani na anayetafuta tochi.

Sola nayo ilikuja na hoja ya mtoto wa shule. Tangu elimu ya msingi kwa wote ianze mwaka 1997, aliyetajwa katika maombi mengi ya fedha za taa ni mwanafunzi anayesoma jioni, na hatuna ugomvi naye. Lakini tazama nyumba baada ya mradi. Balbu nyeupe imefungwa juu ya ukuta wa sebule, na swichi iko karibu na mlango, mbali na kitanda cha bibi. Usiku wa manane bibi anatembea gizani hadi kwenye swichi, anawasha, anaumizwa macho, kisha anafungua mlango na kutoka kwenye giza ambalo jicho lake sasa litachukua dakika nyingi kulizoea. Hatua zake za kwanza nje, zenye kizingiti na ngazi ya udongo, anazipiga akiwa kipofu kuliko kama asingewasha. Na mjukuu aliyekuwa akimtangulia? Yuko bweni, au yuko Kampala, au amelala kwa sababu nyumba sasa ina taa.

Balbu moja ndogo ya manjano chini ya upenu, upande wa choo, na swichi ya kamba inayofika kitandani, ingegharimu mradi uleule kiasi kidogo sana cha ziada. Mawe yaliyopakwa chokaa kandokando ya njia hayagharimu hata hicho.

Swali la dodoso

Uganda haikosi sheria. Katiba ya mwaka 1995 inaitaka serikali iwajali wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ni ya mwaka 2009. Sheria ya Baraza la Taifa la Wazee ni ya mwaka 2013. Ruzuku ya wazee chini ya mpango wa SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi, ilianza katika wilaya za majaribio, Nebbi na Zombo za West Nile zikiwamo, na tangu mwaka wa fedha 2020/21 ikaenea nchi nzima kwa waliotimiza miaka 80. Mzee wetu aliingia umri huo mwaka uleule gridi ilipofika. Serikali inamjua kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, lakini haijui kama anaona njia ya choo.

Sababu imo katika swali linaloulizwa. Idara ya Takwimu ya Uganda huuliza kaya chanzo chake kikuu cha mwanga, na kwa heshima kubwa kwa lugha za wananchi imeliweka neno tadooba katika majibu. Lakini kaya ni kitu kisichotembea. Chanzo kikuu ni kile cha saa 2 usiku, sebuleni, kwa maelezo ya mkuu wa kaya. Kaya yenye paneli inahesabiwa kuwa imetoka gizani, na bibi wa nyumba ndogo ya nyuma amehesabiwa humo.

Tafsiri inaongeza tatizo. Katika lugha za jamii ya Kiluo, Kialur kikiwamo, neno *mac* hutaja moto na pia mwanga wa taa. Anayeuliza kama nyumba ina *mac* anaweza kujibiwa ndiyo na mtu mwenye makaa tu. Kilugbara ni cha jamii nyingine kabisa, ile ya Sudani ya Kati, na Kikakwa kinachozungumzwa Ludara ni ndugu wa Kibari, kwa hiyo hakuna tafsiri moja itakayotosha mkoa mzima. Tunapendekeza swali liulizwe kwa kitenzi badala ya nomino, na aulizwe mzee mwenyewe, si mkuu wa kaya: jana usiku ulipotoka nje, ulitangulizwa na nini? Majibu yaliyoandikwa tayari yawe na tadooba, fanusi, tochi, simu, balbu ya nje, kijinga, mbalamwezi, mjukuu, na sikuwasha chochote. Lifuate swali la pili, mkono gani ulikuwa mtupu, na la tatu, kama ameanguka njiani hapo tangu mvua zilizopita. Maswali haya matatu yanaweza kujaribiwa Ludara kwa Kikakwa na Arua kwa Kilugbara, siku wazee wanapokusanyika kupokea ruzuku, kabla dodoso lijalo la kaya halijachapishwa.